Nywele za Nani Zilitafutiwa Dawa?

Vijana wa Bulla Pesa wanapaka dawa ya presha mashavuni. Wengi wao hawajui kuwa ni dawa ya presha. Kwao ni minoksidili, au minox kwa kifupi, ile chupa ndogo yenye kidude cha kudondoshea, inayopakwa asubuhi na jioni ili ndevu zije. Binamu yangu ana miaka 22, na kwa miezi minne sasa anahesabu nywele za kidevu chake kama mtu anayehesabu mbuzi wakirudi zizini. Sisi wasichana tunanunua chupa hiyohiyo, ila tunaipaka kimyakimya, chini ya hijabu, pale pembeni mwa paji la uso ambapo misuko ya tangu utotoni imeacha ngozi tupu.

Nasema sisi kwa sababu na mimi nimo. Nina miaka 26 na nywele zangu za mbele zimerudi nyuma vidole viwili. Chini ya hijabu hakuna shahidi. Lakini siku ya harusi, ukumbi wa wanawake ukishafungwa na mitandio ikishuka mabegani, mashahidi wanajaa. Basi nikanunua chupa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma hata gazeti lililofungiwa maandazi, nikasoma na ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Ilizungumzia upara wa utosini. Pembeni mwa paji, pale ninapohitaji mimi, hapakutajwa kama mahali dawa ilipopimwa.

Nikajiuliza: huyu aliyetengeneza dawa alikuwa anatazama kichwa cha nani? Swali hilo limenipeleka Misri ya kale, Marekani, kijiji kimoja cha Karibi na, bila mimi kutarajia, hadi Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda.

*

Kutafuta dawa ya upara ni kazi ya zamani sana. Mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba ya Misri ya mwaka 1550 KK hivi, yana dawa ya kuotesha nywele iliyochanganya mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi mwitu. Hebu fikiria kazi ya kumpata mamba mpaka umtoe mafuta. Hao watu hawakuwa wanatania.

Kwetu Isiolo mambo yalikuwa mapole zaidi. Ayeeyo wangu alitumia qasil, yale majani ya mti wa gob yaliyokaushwa na kusagwa, kuoshea nywele na uso, na samli kidogo kulainisha. Ukivuka Ewaso Ng'iro kwenda Archer's Post unakutana na moran wa Kisamburu mwenye misuko mirefu iliyopakwa mafuta na udongo mwekundu. Haya yote yalikuwa ya kutunza nywele zilizopo. Ayeeyo hakuwahi kuniambia kwamba qasil inaotesha nywele pasipo nywele. Alisema inasafisha, akaishia hapo. Nikilinganisha na matangazo ya mafuta ya miujiza yanayopita kwenye simu yangu kila siku, naona ayeeyo alikuwa mwanasayansi kuliko hao wote.

Hatua ya kwanza ya maana kwenye sayansi yenyewe ilikuja mwaka 1942. Mtafiti wa Marekani, James Hamilton, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuota upara. Walipopewa homoni ya kiume, testosteroni, baadhi yao wakaanza kuupata, hasa waliotoka kwenye familia zenye upara. Kwa hiyo upara wa kiume unahitaji vitu viwili: homoni na urithi. Chanzo kikajulikana. Tatizo ni kwamba hakuna mwanamume ambaye angekubali kuhasiwa ili abaki na nywele. Basi kwa miaka mingi maarifa hayo yakakaa tu.

*

Minoksidili ilipatikana na watu ambao hawakuwa wanatafuta nywele kabisa. Kampuni ya Upjohn ya Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, ilianza na kemikali iliyotarajiwa kutibu vidonda vya tumbo. Vidonda havikupona, lakini mishipa ya damu ilitanuka vizuri sana. Katika miaka ya 1960 wanakemia wa kampuni wakatengeneza kemikali nyingine za ukoo huo, na mojawapo ikawa minoksidili, dawa kali ya kushusha presha.

Daktari Charles Chidsey wa Chuo Kikuu cha Colorado akaanza kuijaribu kwa wagonjwa waliokuwa na presha iliyoshindikana. Presha ilishuka. Halafu nywele zikaanza kuota: usoni, mikononi, mgongoni. Wagonjwa wanawake ndio waliosumbuka zaidi. Chidsey akaomba msaada kwa mtaalamu wa ngozi, Guinter Kahn, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani na kuletwa Marekani akiwa mtoto, familia yake ikiukimbia utawala wa Hitler. Kahn na daktari mwenzake kijana, Paul Grant, walitazama yale malalamiko wakaona kitu kingine. Je, kama dawa hii ingepakwa badala ya kumezwa? Wakachanganya maji ya minoksidili wakajipaka wenyewe, bila idhini ya kampuni. Nywele zikaota.

Sehemu inayofuata ni ya kawaida kabisa popote penye pesa. Mwaka 1971 ombi la hataza, yaani hati ya kumiliki ugunduzi, lilipelekwa bila jina la Kahn wala la Grant. Ugomvi ukaenda miaka mingi kabla jina la Kahn kuingizwa. Mwenye dawa na mwenye wazo walikuwa watu tofauti, na mwenye dawa ndiye aliyekuwa na mawakili.

Vidonge vya presha viliruhusiwa Marekani mwaka 1979. Dawa ya kupaka, kwa jina Rogaine, iliruhusiwa Agosti 1988. Kampuni ilitaka kuiita Regaine, jina linalokumbusha kurudishiwa ulichopoteza, na Ulaya inauzwa hivyo mpaka leo, lakini wasimamizi wa Marekani waliona jina hilo linaahidi kupita kiasi. Wanawake waliruhusiwa kuitumia baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1996 ikaanza kuuzwa bila karatasi ya daktari, na kampuni nyingine zikaanza kuitengeneza kwa bei nafuu. Huo ndio mlango uliokuja kuifikisha hata kwenye duka la dawa la mtaani kwetu.

Na sasa jibu la swali langu. Majaribio makubwa ya kuruhusu dawa hii yalifanywa Marekani kwa zaidi ya wanaume 2,000 wenye upara wa utosini. Watafiti walichora duara la inchi moja, kama sentimita mbili na nusu, katikati ya kipara, wakahesabu nywele ndani yake mwezi baada ya mwezi. Duara hilo ndilo lililoamua nini kiandikwe kwenye karatasi ndani ya boksi langu. Mkono wa aliyelichora haukufika pembeni mwa paji la msichana aliyesukwa misuko ya kubana tangu akiwa na miaka mitano.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi: ngozi ya kichwa ina kimeng'enya kinachoigeuza minoksidili kuwa umbo lenye nguvu. Umbo hilo linafungua njia za potasiamu kwenye seli, na unywele unabaki katika msimu wake wa kukua kwa muda mrefu zaidi. Watu wengine kimeng'enya hicho wanacho kidogo, ndiyo maana binamu anaweza kupaka mpaka achoke huku rafiki yake akipata ndevu za imamu. Wiki za kwanza nywele zinaweza kunyonyoka zaidi, kwa sababu zile za zamani zinapisha mpya. Na ukiacha kupaka, baada ya miezi michache kilichoota kichwani kinaondoka. Kampuni isingeweza kuomba mteja mzuri kuliko huyo. (Kama nyumbani mna paka, mweke mbali na chupa. Kwa paka dawa hii ni sumu.)

*

Dawa ya pili, finasteridi, ilianzia Jamhuri ya Dominika. Katika kijiji cha Salinas kulikuwa na watoto waliozaliwa wakaonekana wasichana, wakalelewa kama wasichana, na walipobalehe wakawa wavulana. Daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari zao mwaka 1974. Watoto hao walikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT. Walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakuota upara.

Taarifa hizo zikamfikia Roy Vagelos, mkuu wa utafiti wa kampuni ya Merck. Aliona soko la tezi dume zilizovimba. Mwaka 1992 finasteridi ikaruhusiwa kwa ugonjwa huo. Desemba 1997 ikarudi kama kidonge cha miligramu 1 cha upara wa wanaume, kwa jina Propecia. Wanakijiji wa Salinas waliipa dunia jibu lililokwama tangu siku za Hamilton: huhitaji kuhasiwa, zuia DHT peke yake. Jina la kampuni liko kwenye boksi. La kijiji halipo.

Ya tatu ni ya juzi tu. Kuna ugonjwa unaoitwa alopesia areata, ambapo kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele na kuacha mabaka ya mviringo, au kichwa kizima kikawa kitupu. Mwaka 2014 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale waliandika kuhusu kijana wa miaka 25 aliyekuwa hana nywele mwili mzima. Alipewa dawa ya baridi yabisi kwa ajili ya ugonjwa wake wa ngozi, na nywele za kichwa zikarudi, na nyusi, na kope. Juni 2022 dawa ya jamii hiyo, barisitinibu, ikawa ya kwanza ya kumeza kuruhusiwa Marekani kwa alopesia areata kali. Nayo ilianza maisha kama dawa ya baridi yabisi.

Presha, tezi dume, baridi yabisi. Kila mara nywele zilipatikana njiani, mtu akielekea kwingine. Kilichoamua kama atasimama kuziokota ni hesabu moja tu: je, wenye vichwa hivyo wanaweza kulipa?

*

Hapo ndipo njia inapogeuka kuja kwetu, na ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi.

Mfugaji wa Isiolo anaijua dhukaan, ugonjwa wa ngamia unaoletwa na kimelea cha damu kinachosambazwa na nzi wanaouma. Ngamia anakonda, anapoteza mimba, anakufa polepole. Kimelea hicho kina ndugu anayeshika binadamu kupitia mbung'o, na ugonjwa wake ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 Uganda, kuzunguka Ziwa Viktoria. Ikifika kwenye ubongo, mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, anachanganyikiwa, na asipotibiwa anakufa.

Kwa miongo mingi dawa ya hatua hiyo ilikuwa melasoproli, yenye arseniki ndani yake. Jamaa yake, melasomini, bado inatumika kutibu ngamia. Wagonjwa walisema sindano yake ni moto unaopita kwenye mshipa, na iliua karibu mmoja kati ya 20 waliotibiwa nayo. Unampa mgonjwa sumu ukiombea imuue mdudu kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanakemia wa kampuni ya Merrell walitengeneza eflonithini wakitafuta dawa ya saratani. Kwenye saratani haikufua dafu. Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pace, New York, wakaonyesha kuwa inaponya panya wenye vimelea vya jamii ya malale. Muda si mrefu daktari Mbelgiji, Simon van Nieuwenhove, akaijaribu kusini mwa Sudan. Watu waliokuwa wamelala wakingojea kufa waliamka, na dawa ikapewa jina la utani: dawa ya ufufuo. Mwaka 1990 ikaruhusiwa Marekani kwa malale ya aina ya Afrika Magharibi na Kati, ile inayopatikana pia Kongo, Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda.

Halafu katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ukasimamishwa. Dawa ilifanya kazi. Wagonjwa walikuwepo, tena wakiongezeka kwa sababu ya vita. Wasichokuwa nacho ni pesa. Mauguzi wakarudi kwenye arseniki.

Sasa sikiliza. Kimeng'enya ambacho eflonithini inakizuia ndani ya kimelea kimo pia ndani ya mzizi wa nywele. Ukikizuia, unywele unakua polepole. Julai 2000, krimu ya eflonithini kwa jina Vaniqa ikaruhusiwa Marekani, ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Nyuma yake zilisimama Bristol-Myers Squibb na Gillette, wale wa nyembe. Kwa hiyo kulikuwa na eflonithini ya kupaka juu ya mdomo New York, wakati ile ya kudunga mshipani, ya kuokoa uhai, ilikuwa inaelekea kwisha ghalani.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipiga kelele, na ile krimu ikawa aibu ambayo kampuni hazikuweza kuificha. Mei 2001 Aventis, kampuni iliyokuwa imerithi dawa hiyo, ikakubali kutoa bure eflonithini na dawa nyingine za malale pamoja na msaada wa fedha, mchango wa dola milioni 25 kwa miaka mitano. Matibabu yalikuwa kazi nzito, dripu 56 katika siku 14, lakini yalimtoa mgonjwa kwenye arseniki. Mwaka 2009 eflonithini ikaunganishwa na dawa nyingine, nifutimoksi, dripu zikapungua, na mchanganyiko huo ukaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Tangu 2018 wagonjwa wa malale wanaoripotiwa duniani kwa mwaka ni chini ya 1,000.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado sijui niishike vipi. Nywele za wanawake wenye uwezo zilisaidia kuirudisha dawa ya watu maskini. Nashukuru zilisaidia. Lakini inauma kujua kwamba kifo peke yake hakikutosha kuwa hoja.

*

Rudi basi pembeni mwa paji langu. Upara wa kuvutwa nywele ulielezwa kwanza na daktari mwaka 1907, na wagonjwa hawakuwa Waafrika. Walikuwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kubana sana. Tangu hapo umepita zaidi ya karne moja, na hakuna dawa hata moja iliyoruhusiwa Marekani mahsusi kwa ajili yake. Huku kwetu umeachiwa saluni na mashangazi.

Aliyehesabu kwa makini ni Mwafrika. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliwachunguza wanafunzi na watu wazima mjini humo, akachapisha mwaka 2007. Karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima walikuwa na upara wa aina hii, na wasichana wa shule 17 kati ya 100. Hatari ilizidi pale misuko ilipowekwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha, na pale kusukwa kulipouma.

Kuna upara mwingine unaoanzia katikati ya kichwa na kusambaa, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika, na unaacha kovu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliulaumu chanuo la moto, na kwa miaka 50 wanawake wakaambiwa wamejitakia. Mwaka 2019 kundi la watafiti akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal lilionyesha kwamba karibu robo ya wanawake waliochunguzwa walikuwa na hitilafu kwenye jeni moja, PADI3, inayosaidia kuunda unywele wenyewe. Kumbe wengine walizaliwa nayo. Hiyo habari peke yake ingewapunguzia wanawake wengi aibu, kama ingewafikia.

Tofauti hizi zina maana dukani. Mzizi uliolegea tu unaweza kurudi. Mzizi uliogeuka kovu haurudi, hata umwagie chupa kumi. Mashilingi ya mtoto wa madrasa yanataka dawa ya fangasi, na mabaka ya ghafla ya mviringo yanataka daktari. Chupa moja haiwezi kujibu maswali manne. Mwezi uliopita nililipia chupa yangu zaidi ya alicholipa habaryar kwa vidonge vyake vya presha, na wakati huo sikuwa nimeuliza mzizi wangu uko hai au la. Sasa nimeuliza. Kwa bahati nzuri uko hai. Naendelea kupaka, kwa sababu kuna madaktari wanaoitumia hata kwa upara wa kuvutwa ukiwa bado mapema, lakini niliyoambiwa kwa mkazo zaidi ni ya bure: legeza. Msuko ukiuma, ufumuliwe siku hiyohiyo. Mkia wa kubana chini ya hijabu nao uache.

Habaryar, ambaye amesuka vichwa vya nusu ya Bulla Pesa, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Nikisuka bila kubana, wateja watasema sijui kazi." Ana haki. Msuko wa kubana unakaa wiki sita, na pesa hazipatikani kila wiki mbili. Hii nayo ni sehemu ya ugonjwa, na haimo kwenye karatasi ya boksi lolote.

Kwa hiyo nina ombi kwa wewe unayesomea famasia, udaktari au baiolojia, na huenda unasoma hii kwenye matatu ya Meru ukirudi chuo. Historia hii yote iliandikwa na watu walioona kitu pembeni ya walichotumwa, wakakifuata. Duara la inchi moja linaweza kuchorwa popote. Lichore pembeni mwa paji, hesabu, andika. Vichwa vya kuhesabu tunavyo hapa Isiolo, na wenye vichwa wako tayari kuvua mitandio mbele ya mtu atakayewauliza kwa heshima.